Riwaya ya Baada ya Saa za Kazi

Vijana wanaoanza kuandika huniuliza swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: dada, utaacha lini kazi ya ofisini ili uwe mwandishi kamili? Huliuliza kwa heshima na kwa nia njema, wakiamini kwamba mtu aliyekwisha kuchapisha riwaya, na bado kila siku huvuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda mjini kushughulikia nyaraka za mizigo ya watu, ni mtu ambaye hajafika. Ningependa kulijibu swali hilo kwa urefu, kwa sababu limebeba dhana fulani kuhusu fasihi yetu, na historia ya fasihi hiyo haiiungi mkono. Riwaya ya Kiswahili tangu mwanzo wake imeandikwa na watu wenye ajira, na ajira hizo zimeingia ndani ya riwaya zenyewe, katika umbo lake, katika yale inayoyaona, na hata katika urefu wake.

Tuanze na Shaaban Robert, kwa kuwa kila anayeandika Kiswahili huanza naye, akijua au bila kujua. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani wa forodha. Alikaa forodhani hadi miaka ya 1940, akahamishiwa idara nyingine, na akaimalizia ajira yake katika ofisi ya upimaji ardhi hukohuko Tanga. Alifariki mwaka 1962. Ukiiweka miaka hiyo kando ya orodha ya vitabu vyake, utaona kwamba sehemu kubwa ya maandishi tunayoyaenzi iliandikwa na mtu ambaye asubuhi iliyofuata alitakiwa awe mezani pake, mbele ya majalada ya watu wengine. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, zimekusanywa na kuchapishwa, na mimi hupenda kuzirudia kuliko hata baadhi ya hadithi zake, kwa sababu humo namkuta mtu mwenye familia, mwenye mwajiri na mwenye kalamu, vyote kwa wakati mmoja.

Nilipoisoma riwaya yake ya Kusadikika kwa mara ya kwanza, niliiona kuwa hadithi ya nchi iliyo angani, ya kustaajabisha na yenye maneno mazito. Nilipoirudia nikiwa tayari nimeajiriwa, niliona kwamba kitabu kizima ni kesi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi yake na kila mmoja akalipwa mateso. Shitaka, utetezi, ushahidi, taarifa ya safari, uamuzi wa wakubwa: huo ni ulimwengu wa mtu aliyeishi miaka mingi kati ya maombi na majibu ya maombi, akajifunza jinsi taarifa yenye manufaa inavyoweza kupokelewa na mtu asiyetaka kuisoma. Kitabu kilitoka mwaka 1951, na mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuikosoa waziwazi serikali iliyokuwa ikimlipa mshahara. Akaipandisha nchi yake angani. Kwa maoni yangu, istiari ile kubwa tunayowafundisha wanafunzi haikutokana na kipaji peke yake, maana ajira nayo iliilazimisha ije.

Mohammed Said Abdulla naye, mzaliwa wa Makunduchi, alianza kazi Zanzibar akiwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, na hatimaye akalihariri gazeti la Mkulima. Hadithi yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa mwaka 1960. Wahakiki wamezungumza sana juu ya uhusiano wa Bwana Msa na Sherlock Holmes, mpelelezi yule wa London mwenye kiko, na uhusiano huo upo, hauhitaji kufichwa. Ninachokiona mimi ninapomsoma ni ukaguzi. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu, hutazama uani, huchungulia kisima, husikiliza maelezo ya mwenye nyumba huku macho yake yakienda kwingine. Bwana Msa huingia katika nyumba za watu kwa namna hiyohiyo, na ndiyo maana mauaji yanayotendeka katika hadithi zile hayawezi kutenganishwa na nasaba, mirathi na majirani. Siwezi kuthibitisha kwamba kazi ya kwanza ndiyo iliyomfundisha kutazama, lakini kila nikiandika mhusika anayebisha hodi katika nyumba ya mtu, humfikiria mkaguzi yule.

Nilikulia Temeke, na vitabu vingi vya ujana wangu nilivipata Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa mwaka 1967, ambayo leo ipo kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Huko ndiko nilikoisoma Kuli ya Adam Shafi nikiwa sekondari. Sijui niieleze vipi nguvu ya kitabu kile kwa mtoto ambaye baadhi ya baba wa mtaani kwao walikuwa vibarua wa bandari. Rashidi na wenziwe wanabeba mizigo, wanapunjwa, wanakutana, wanapanga, hadi tunaufikia mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948, na katika safari hiyo yote kazi yenyewe haiachwi pembeni kuwa mandhari tu. Gunia lina uzito, jua lina saa zake, msimamizi ana sauti yake. Mpaka siku ile nilidhani riwaya ni mambo ya mapenzi, ya watawala au ya wauaji. Kuli ilinionyesha kwamba mkono unaofanya kazi unaweza kubeba kurasa, na nadhani hata uamuzi wangu wa kuomba kazi kwa wakala wa forodha, nilipomaliza masomo, ulikuwa na chembe ya kitabu kile ndani yake.

Athari nyingine sikuipata kitabuni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, na nyumbani kwetu redio ilipowashwa kwa ajili ya mchezo huo watoto tulitakiwa kunyamaza. Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu tuliwajua kwa sauti tu, bila uso, bila nguo, bila hata urefu wa mwili, na hata hivyo tuliwajua vizuri kuliko baadhi ya jamaa zetu. Tangu hapo nimeamini kwamba mhusika ambaye msomaji hamtambui kwa usemi wake, hata jina lake likifutwa, hajazaliwa bado. Ninapomaliza sura yenye mazungumzo mengi, hufunika majina na kuisoma, na pale ambapo siwezi kujua nani anasema, naandika upya.

Sasa niseme juu ya kazi yangu, kwa kuwa vijana huiona kuwa kikwazo. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini kwa niaba ya wateja, mingine ya hapahapa nchini, mingine ya kupelekwa Zambia na Kongo. Kutwa nzima napokea hati za shehena, nalinganisha kilichoandikwa na kilichomo kontenani, naandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, nafuatilia malipo ya ushuru, nazungumza na madereva walioegesha wakisubiri kupakia. Ni kazi inayomfundisha mtu kusoma kwa mashaka. Karatasi inasema vipuri vilivyotumika, na mwenye mzigo anaapa hivyohivyo, lakini namna anavyoapa inakwambia kwamba kuna jambo. Mtu anayeomba mzigo wake utoke kabla ya Ijumaa kwa sababu ya harusi huongea Kiswahili tofauti kabisa na yule anayeomba hivyohivyo kwa sababu ya deni, ingawa maneno yao yanaweza kufanana neno kwa neno. Darasa la fasihi halikunipa elimu hiyo, na kama ningekaa nyumbani nikiandika tu, ningeikosa. Ninayo kanuni moja ambayo siivunji: shauri la mteja haliingii katika riwaya. Ninachochukua ni namna ya kusema, namna ya kusubiri, namna mtu anavyoikunja karatasi aliyokataliwa, na hivyo havina mwenyewe.

Swali la saa ndilo gumu zaidi. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba mwandishi aamke alfajiri, nyumba ikiwa imelala, na mfano unaopendwa ni wa Anthony Trollope, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta, ambaye alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaiweka saa yake mbele yake, na kujidai maneno 250 kila robo saa. Aliandika riwaya nyingi kwa utaratibu huo, nami namheshimu kwa dhati. Wanaomtaja huwa hawafiki pale ambapo yeye mwenyewe ameeleza, kwa uungwana, kwamba alikuwa na mtumishi aliyelipwa nyongeza ili amwamshe na kumletea kahawa. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko, kuchemsha chai, kuandaa sare za shule na kuhakikisha kuna maji kwenye ndoo ni mwanamke, na katika nyumba yetu ni mimi. Alfajiri si yangu. Hilo nalisema kwa uzito wote, kwa sababu tunapohesabu riwaya zilizoandikwa na wanawake kwa Kiswahili na kuona uchache wake, huwa tunatafuta sababu katika vipaji na elimu, wakati sababu moja iko wazi katika ratiba ya jikoni. Zainab Burhani alipoitoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987, aliongeza sauti katika uwanja ambao wanaume walikuwa wameujaza kwa miongo, na kila ninapokishika kitabu kile hujiuliza kwanza kiliandikwa saa ngapi.

Mimi nimezipata saa zangu mahali pengine. Mchana, wenzangu wanapoondoka kwenda kwa mama lishe au kuswali adhuhuri, ofisi hupungua kelele, nami hutoa kaunta buku yangu na kuandika mpaka watakaporudi. Jioni, foleni ya pantoni ikiwa ndefu kule Magogoni, hukaa kwenye ukumbi wa abiria na kupitia nilichoandika mchana, nikifuta zaidi kuliko ninavyoongeza. Jumamosi moja moja, pale ninapopata wa kubaki na watoto, huenda Maktaba Kuu na kukaa humo mpaka inapofungwa, na siku hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa kazi, yaani kupanga sura, kuhamisha matukio na kukata. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hugeuka. Baada ya daku nyumba hurudi kulala na mimi nabaki, na kwa mwezi huo mmoja alfajiri huwa yangu. Sehemu ngumu za riwaya yangu ya kwanza ziliandikwa katika utulivu huo.

Huandika kwa mkono kwanza, na sababu yake ni ya kawaida tu: kaunta buku haihitaji umeme, haiibiwi kwenye daladala, na bosi akipita haimshangazi. Lakini baada ya miaka ya kuandika hivyo nimeona faida nyingine. Kompyuta hunipa kurasa zinazoonekana zimekamilika kabla hazijakamilika, wakati mwandiko wangu wenyewe, wenye mistari iliyokatwa na mishale ya pembeni, hunikumbusha daima kwamba hapa pana kazi bado. Ninalo pia daftari la wahusika, ambamo naandika umri wa kila mmoja, kabila la mama yake, anachodaiwa na nani, na jinsi anavyowaamkia watu. Hili la kuamkia nalisisitiza. Katika Kiswahili huwezi kuwakutanisha watu wawili bila kuamua nani anatoa shikamoo na nani anapokea marahaba, na ukishaamua hilo umekwisha kuamua nusu ya uhusiano wao. Mhusika anayechelewesha shikamoo kwa muda mfupi tu amekupa tukio zima.

Sura ikikamilika naisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, ambaye hakusoma sana shule lakini aliyalea masikio yake katika taarab na hadithi za bibi yake huko Bagamoyo. Hasemi mengi. Akianza kuuliza habari za chakula cha jioni katikati ya aya, najua aya hiyo imelegea. Akisema, "Mwanangu, huyo mama hawezi kumjibu mwanawe hivyo," naacha kila kitu nirekebishe, kwa kuwa katika jambo hilo sijapata kumwona amekosea. Baadhi ya waandishi wenzangu hawaelewi kwa nini nampa mtu asiye mhakiki nafasi kubwa kiasi hicho. Nampa kwa sababu riwaya yetu imetoka katika lugha iliyosikilizwa karne nyingi kabla ya kusomwa kimyakimya, na sentensi inayomchosha msikilizaji mwenye masikio mazuri itamchosha msomaji pia, ingawa msomaji hatakuwa na adabu ya kukaa hadi mwisho.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naichukua kwa uzito. Wanasema kwamba ajira ndiyo iliyoifanya riwaya ya Kiswahili iwe fupi, kwamba mtu anayeandika kwa saa za kuokoteza hawezi kuibeba akilini hadithi yenye vizazi vitatu na nyumba kumi. Ni kweli kwamba kazi ya mchana humnyang'anya mwandishi kitu fulani, na kitu hicho si muda tu. Humnyang'anya uwezo wa kuiona riwaya yote kwa pamoja. Nikikaa wiki mbili bila kuandika, kwa sababu meli zimefuatana na kila mteja anataka wake kwanza, nikirudi hulazimika kusoma upya kila nilichoandika ili wahusika wanikubali tena, na hapo nimepoteza Jumamosi nzima.

Hata hivyo, ninapomfikiria Euphrase Kezilahabi, naona hoja hiyo haitoshi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na maisha yake ya kazi yalikuwa ya ualimu, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, mpaka alipofariki mwaka 2020. Katika miaka ya 1970 alitoa riwaya nne, kuanzia Rosa Mistika ya mwaka 1971 mpaka Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Kisha katika riwaya ukafuata ukimya wa miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo alikuwa akisoma falsafa na nadharia ya fasihi, na mwaka 1985 alikamilisha shahada ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani. Zilipotoka Nagona na Mzingile, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa nyembamba kiasi cha kuingia mfukoni, na hakuna aliyekwisha kuzisoma anayeweza kudai kwamba ni ndogo. Mtu yule aliyeandika kwa uhalisia mkali juu ya Rosa na baba yake Zakaria alikuwa ameuvunja uhalisia wenyewe, na kilichomwezesha ni kazi yake ya kusoma na kufundisha. Ufupi wa vitabu vile ni uamuzi wa msanii. Kwangu mimi, hizo ndizo kurasa zenye ujasiri mkubwa kuliko zote katika nathari ya Kiswahili, na nasikitika kila ninapokutana na msomaji aliyeishia Rosa Mistika kwa sababu ndiyo iliyozungumzwa zaidi.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi. Mrabaha wa riwaya ya Kiswahili, isipokuwa riwaya hiyo iwe imechaguliwa kutumika mashuleni, hauwezi kulipa kodi ya nyumba, na mchapishaji mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujasaini mkataba. Tuzo zimeanza kusaidia. Ile ya Mabati-Cornell ilianza kutolewa mwaka 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na nimefurahi kuona miswada ikitafutwa kwa juhudi. Lakini tuzo humfikia mmoja, na wanaoandika ni wengi. Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Nobel mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu, na nchi yake ina wasomaji wengi wa vitabu kuliko yetu. Kijana anayeniuliza nitaacha lini kazi, jibu langu ni kwamba sina mpango huo, na kwamba hata fedha zingepatikana ningeomba kubaki angalau siku chache za wiki.

Riwaya ninayoandika sasa ina mhusika mkuu mwanamke, karani anayehesabu mizigo gatini, ambaye anagundua tofauti kati ya hesabu yake na hesabu ya karatasi na kulazimika kuamua aandike ipi. Nimefika sura ya saba. Sehemu ya bandarini imesimama vizuri, kwa kuwa mazingira yake nayajua, lakini sura ya nane inamtoa Dar es Salaam na kumpandisha lori hadi mpakani Tunduma, na hapo ujuzi wangu unatokana na simulizi za madereva tu: wanalala wapi foleni inapokuwa ya siku nyingi, nani anawapikia, mwanamke akipanda malori yale anatazamwaje. Dereva mmoja mtu mzima, ambaye amekuwa akisafiri njia hiyo tangu nilipoajiriwa, anatarajiwa kurudi wiki ijayo, na ameshanikubalia kuzungumza atakapokuwa anasubiri kupakia. Maswali nimekwisha kuyaandika, na la kwanza ni jinsi wanavyoamkiana kule mpakani usiku, mtu asipoona uso wa mwenzake.